Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Tai wa Kaskazi Katika Anga la Dumila

Mnamo miezi ya Oktoba na Novemba, theluji inapoanza kuzifunika nyika za Kazakhstan, za Mongolia na za kusini mwa Urusi, tai wa nchi hizo huacha viota vyao na kushika njia ya kusini. Majira ambayo huko huitwa ya baridi, katika Dumila, Wilaya ya Kilosa, ni majira ya joto na ya kungojea mvua. Upepo wa kaskazi unakaribia kuvuma, mkulima anaandaa shamba lake, na mwalimu anasahihisha mitihani ya mwisho wa mwaka. Ni katika majira hayo hayo ambapo mtu ainuaye macho yake juu ya uwanda wa Mkata aweza kumwona ndege ambaye hesabu yake duniani inazidi kupungua. Wengi hawamtambui kwa kuwa hawajaambiwa kwamba yupo. Na wale wachache wenye dhamana juu ya sumu za mashambani, nguzo za umeme na mafunzo ya shule, hutoa maamuzi yanayomgusa ndege huyo pasipo wao kujua.

Ndege anayesemwa hapa ni tai wa nyika za kaskazini. Ni ndege mkubwa wa rangi ya kahawia, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hukaribia meta 2 au kuzidi. Zamani alizaliana hata katika nchi za Romania na Ukraine; leo huko hayupo tena, kwa maana nyika zake zililimwa na viota vyake vikaharibiwa. Mwaka 2015 Umoja wa Kimataifa wa Hifadhi ya Mazingira ulimweka katika orodha ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka, na makadirio ya wakati huo yalisema kwamba tai waliokomaa waliosalia duniani ni kati ya 50,000 na 75,000. Idadi hiyo yote ingeweza kukaa katika viwanja vichache vya mpira.

Safari yake yastahili kufundishwa darasani sambamba na safari za majahazi. Tai ni ndege mzito, naye hawezi kupiga mabawa njia nzima. Hupandishwa juu na hewa ya moto inayotoka ardhini, kisha hujiachia akiteleza mbele mpaka apate hewa nyingine ya kumpandisha. Juu ya bahari hewa ya namna hiyo ni haba. Kwa hiyo tai hutafuta mahali ambapo bahari ni nyembamba, nao wengi huvukia katika mlango-bahari wa Bab el-Mandeb, kati ya Yemen na Djibouti. Mwaka 1987 watu waliokaa upande wa Djibouti katika majira ya kuhama walihesabu ndege mbuai, yaani ndege wawindao nyama, zaidi ya 200,000 katika muda wa majuma machache, na zaidi ya 70,000 kati yao walikuwa tai wa nyika. Kutoka hapo huifuata nchi ya juu ya Ethiopia na Bonde la Ufa, wakaingia Kenya na Tanzania, na baadhi yao hufululiza mpaka kusini mwa Afrika. Mwezi wa Machi hugeuka na kurudi walikotoka.

Sayansi ya siku hizi imewezesha kuufuata msafara huo hatua kwa hatua. Mwaka 2019 habari moja kutoka Urusi ilizunguka dunia nzima. Watafiti wa huko waliwafunga tai vyombo vidogo vinavyotuma ujumbe wa simu kueleza mahali walipo. Tai mmoja aliyepewa jina la Min alikaa Kazakhstan majira yote ya joto, mahali pasipo na mtandao wa simu, na ujumbe wake ukarundikana. Alipoingia Iran, ujumbe wote ukatumwa kwa mkupuo mmoja na kwa bei ya juu ya nchi ya kigeni, hata fedha za watafiti zikakauka. Wananchi wa Urusi walichanga kuwasaidia, na kampuni ya simu ikafuta deni. Watu waliicheka habari hiyo, lakini ndani yake lilikuwamo jambo la kutafakari: wako watu wa kawaida walio tayari kutoa fedha za mfukoni ili kujua tai wao amefika wapi salama. Huku anakofikia, swali la kama yu salama ni nadra kuulizwa.

Yafaa basi kueleza anachokifuata huku. Mtu angedhani ndege wa ukubwa huo huja kuwinda swala. Sivyo. Mvua za kwanza zinaponyesha na kumbikumbi wakatoka ardhini, tai hushuka chini na kutembea kwa miguu akiwaokota mmoja mmoja, kama kuku wa nyumbani. Hula panya. Hula mizoga. Na penye makazi ya kwelea kwelea, pale ndege hao waharibifu wanapozaliana kwa malaki katika miiba, tai hukusanyika na kuwala makinda yaangukayo kutoka viotani.

Hapo ndipo habari ya tai inapokutana na habari ya mkulima. Dumila iko kilometa zipatazo 70 kutoka Morogoro mjini katika barabara ya Dodoma. Ni njia panda ya kwenda Kilosa na soko la mahindi na nyanya linalojulikana na kila dereva wa lori. Kwa jirani, Dakawa na Mkindo hulimwa mpunga wa umwagiliaji. Hakuna mkulima wa mpunga katika sehemu hizo anayehitaji kuelezwa kwelea kwelea ni nini. Ndege mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, na kwa siku huangamiza nafaka ya gramu 10, kwa kula na kwa kumwaga. Kundi la ndege milioni moja, basi, laweza kumaliza tani 10 za nafaka kwa siku moja. Watoto hutolewa shuleni kwenda kuwinga, na mwalimu hubaki na madawati matupu.

Panya nao wana sura yao. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, palepale Morogoro, kimekuwa kwa miaka mingi kituo mashuhuri cha utafiti wa panya wa mashambani, na utafiti umeonyesha kwamba panya huyo humtia mkulima hasara kubwa zaidi wakati wa kupanda, anapofukua mbegu na kukata miche michanga. Wakati huo wa mvua za kwanza ndio tai wa kaskazi anapokuwapo.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hata hivyo mgeni asisifiwe kupita kiasi. Utafiti uliofanywa katika mashamba ya mahindi ya Morogoro, ambamo nguzo zilisimikwa ili ndege mbuai wapate mahali pa kutulia, haukuthibitisha kwamba ndege hao peke yao wanaweza kuzuia mlipuko wa panya. Kadhalika, tai mia moja hawawezi kulimaliza kundi la kwelea kwelea milioni moja. Mtu atakayemwambia mkulima kwamba tai watamlindia shamba lake atakuwa anamdanganya, na mkulima aliyedanganywa mara moja hasikilizi mara ya pili. Lililo kweli ni dogo kuliko hilo, nalo linatosha: tai ni mmoja wa wasaidizi wengi wa shamba, hadai mshahara, na kumwua ni kujipunguzia msaada bila faida yoyote.

Lakini huuawa, na huuawa bila kukusudiwa. Dawa inayotumika kwa miaka mingi katika nchi za Afrika kuwaangamiza kwelea kwelea ni fenthioni. Hunyunyizwa kwa ndege, aghalabu jioni wakati makundi yanaporudi kulala. Ni sumu ya mishipa ya fahamu. Kwelea kwelea aliyeipata hafi mara moja kila wakati. Hulegea, huanguka, hutapatapa chini kwa saa kadhaa. Kwa tai, kwa bundi na kwa kipanga, windo la namna hiyo ni karamu isiyo na jasho. Wanakula, na sumu inahamia kwao. Zaidi ya hayo, wako binadamu wanaookota kwelea kwelea hao ili kuwala au kuwauza, na hatari iliyoko hapo haihitaji maelezo marefu. Mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Rotterdam, Tanzania ikiwa miongoni mwao, zilikubaliana kuiingiza fenthioni ya namna inayonyunyizwa kwa ndege katika orodha ya kemikali ambazo nchi haiwezi kuuziwa mpaka imearifiwa na kutoa ridhaa yake. Mabishano juu ya jambo hilo yalikuwa yamechukua zaidi ya miaka 10.

Wako watakaosema: je, mtu mwenye njaa aambiwe kuhusu tai wa Mongolia? Swali hilo ni la haki, na halijibiwi kwa dharau. Mkulima aliyekopa ili alime ekari mbili za mpunga, kisha akaona wingu la ndege likishuka asubuhi, ana haki ya kuiomba Serikali msaada, na Serikali ina wajibu wa kuja. Hapana anayependekeza aachwe peke yake na debe la kupiga kelele. Hoja iliyopo ni ya namna ya kuja. Sumu ikimwagwa pasipo uchunguzi, mkulima huyo huyo anaweza kupoteza samaki wa mto wake, nyuki wa mizinga yake na afya ya watoto wake, na mwaka unaofuata kwelea kwelea wakarudi vilevile. Anayetetea utaratibu mzuri wa unyunyizaji anamtetea mkulima kwanza, na tai baadaye.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Jambo la kwanza, kabla ya ndege ya dawa kuitwa, bwana shamba wa kata azuru makazi ya kwelea kwelea na kuandika katika taarifa yake kama ndege mbuai wapo, wa aina gani na wangapi. Pale ambapo tai wengi wamekusanyika na mashamba yako mbali, siku chache za kusubiri au uchaguzi wa sehemu nyingine ya kunyunyiza vyaweza kuokoa wageni wote. Jambo la pili, baada ya kunyunyiza, mizoga iokotwe na kuzikwa alfajiri, kabla tai hawajapata hewa ya kuwapandisha angani. Jambo la tatu, watu waonywe mapema, kwa lugha inayoeleweka, kwamba kwelea kwelea wa eneo hilo hawaliki. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, inayo nguvu ya kisheria ya kuyafanya mambo hayo kuwa sharti la kazi.

Aidha, iko njia nyingine ambayo haikutoka ng'ambo. Katika Wilaya ya Kondoa, Mkoa wa Dodoma, wananchi wamezoea tangu zamani kuwanasa kwelea kwelea kwa mitego ya vikapu na kwa nyavu, wakawala na kuwauza. Nyama hiyo ni chakula, na fedha yake hubaki kijijini. Kunasa hakuwezi kuchukua nafasi ya dawa kila mahali, lakini pale panapowezekana, adui wa shamba hugeuka kitoweo, na tai, bundi na nyuki hubaki salama. Itakuwa ajabu kama ujuzi wa Kondoa utaendelea kusomwa na wageni katika majarida yao kabla haujasomwa na wakulima wa Kilosa na Mvomero walio jirani.

Hatari ya pili ni ya umeme. Kufika kwa umeme vijijini ni neema ambayo hakuna mwenye akili atakayeilaani. Lakini nguzo ya umeme katika uwanda usio na miti mirefu ndiyo mahali tai anapopenda kutua, na ikiwa nyaya ziko karibu mno na kipande cha chuma anachokikanyaga, bawa lake hugusa waya na kufa hapo hapo. Katika nyika za Urusi na Kazakhstan, hiyo ni moja ya sababu kubwa za vifo vya tai. Karibu zaidi na huku, njia moja ya umeme iliyojengwa Port Sudan katika miaka ya 1950 iliua tumbusi weupe wahamao kwa miongo mingi, mpaka ilipozimwa mwaka 2014 na nafasi yake kuchukuliwa na njia yenye nyaya zilizofunikwa. Hasara ya miaka 60 ingezuiwa na fundi mmoja mwenye kujua, siku ya kwanza ya ujenzi. Funzo kwa wahandisi wanaopitisha njia mpya katika nyanda za Mkata na Wami ni hilo: kufunika waya kwenye kichwa cha nguzo wakati wa kujenga ni gharama ndogo. Kurudia kazi baadaye ni gharama kubwa, na tai aliyegusa waya huzima taa za kijiji kizima.

Baada ya hayo inabaki kazi ya walimu, nayo pengine ni kubwa kuliko zote, kwa kuwa jambo lisilohesabiwa haliwezi kutetewa. Kule Eilat, kusini mwa Israeli, mwaka 1985 walihesabiwa tai wa nyika zaidi ya 70,000 wakirejea kaskazini. Hesabu za miaka iliyofuata zikashuka sana, na kushuka huko ndiko kulikoishtua dunia. Kama pasingekuwa na mtu aliyekaa chini na kalamu mwaka ule, pasingekuwa na wa kushtuka. Atlasi ya Ndege ya Tanzania imekusanya kumbukumbu kwa miongo kadhaa, lakini nchi ni kubwa na macho ni machache. Vilabu vya Malihai, vilivyoanzishwa mwaka 1980, viliwekwa mashuleni kwa kazi kama hiyo.

Vifaa vinavyohitajika ni daftari, kalamu na uvumilivu. Saa nzuri ni kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, ardhi inapoanza kupata moto na ndege wakubwa wakaanza kupanda. Mwanafunzi afundishwe kwanza kumjua pungu, ambaye mkia wake ni mfupi mno hata miguu huupita, na ambaye huruka akiyumba kama mtu atembeaye juu ya kamba. Kisha ajifunze kuwatofautisha tai wawili wa kahawia wanaofanana: mwenyeji akaaye mwaka mzima, na mgeni wa kaskazi. Kwa aliye karibu, alama ni mdomo. Ukingo wa manjano wa kinywa cha mgeni hufika mpaka nyuma ya jicho, na wa mwenyeji huishia katikati chini ya jicho. Kwa aliye angani, mgeni aliye kijana huwa na mstari mpana mweupe chini ya bawa, toka kwapani kuelekea nchani. Darasa litakaloandika tarehe, mahali, aina na idadi, kuanzia Novemba hadi Machi, litakuwa limefanya hisabati, jiografia na sayansi kwa wakati mmoja, na kwa miaka 5 litakuwa na kumbukumbu ambayo hata vyuo vikuu vitaiomba.

Haifai kudhani kwamba mgeni pekee ndiye mwenye shida. Tai mkuu wa misitu, yule mwenye kishungi awindaye tumbili katika milima ya Uluguru na Nguru, hulea kinda mmoja tu kwa takriban miaka miwili. Msitu ukifyekwa, hana haraka ya kujazia pengo. Pungu mwenyewe, ambaye wazee wamemjua tangu utoto wao, aliingizwa katika orodha ya walio hatarini mwaka 2020. Macho yatakayojifunza kumtafuta mgeni yatawaona na wenyeji.

Na isisemwe kwamba watu wa vijijini hawawezi kubadili mwenendo. Katika jimbo la Nagaland, kaskazini mashariki ya India, mwaka 2012 ilifichuka kwamba vipanga wa Amur, ndege wadogo watokao Siberia na China kuja Afrika kwa njia hiyo ya kaskazi, walikuwa wakinaswa kwa nyavu kwa maelfu mengi kila siku na kuuzwa kuwa kitoweo. Viongozi wa vijiji, makanisa, walimu na watumishi wa Serikali walikutana na wavuvi wa bwawa la Doyang, wakazungumza nao kwa heshima, na mwaka 2013 nyavu hazikutegwa. Ndege waliofungwa vyombo vya kufuatiliwa mwaka huo walipewa majina ya huko, mmojawapo likiwa jina la kijiji kilichokuwa kikiwanasa. Walivuka bahari wakafika Afrika. Watu wa Nagaland walitimiza sehemu yao wakijua kwamba ndege hao watakaa kwao majuma machache tu na kwamba sehemu iliyobaki ya safari iko mikononi mwa wengine.

Wengine hao ni pamoja na watu wa Kilosa na Mvomero. Katika Dumila, mtumishi wa umma hakutani na tai katika hotuba za kimataifa. Hukutana naye katika fomu ya kuombea dawa, katika mchoro wa njia ya umeme na katika ratiba ya darasa la sita. Bwana shamba akiongeza mstari mmoja katika taarifa yake, fundi akifunika waya wake, na mwalimu akitoka na wanafunzi wake saa tatu asubuhi, basi Novemba ijayo msafara utakaposhuka na upepo wa kaskazi utapokewa na watu wanaojua ni nani amefika, na watakaoweza kusema, Machi ikiisha, ni wangapi walioondoka wakiwa hai.